Waliofundisha kwa Kuimba Kwanza

Hotuba ya walimu wa kwaya katika ibada ya kuwakumbuka waanzilishi, Jubilii ya miaka 50



Kamati ya Jubilii ilitupa dakika kumi na tano na swali moja, kwamba mwalimu wa muziki ni mtu wa kazi gani. Tulikaa chini ya ule mwarobaini nyuma ya jikoni, walimu wote wanne wa kwaya, tukaona kwamba tukijisemea sisi wenyewe tutaonekana tumekuja kujipigia debe. Basi tukaamua kuwazungumzia walimu wengine, wa mbali, ambao hatuna undugu nao. Mwishoni tutarudi nyumbani, kwa sababu tuna ombi, na ombi lenyewe si dogo.

Walimu hao ni wa Uskoti. Tumewachagua kwa sababu mbili. Kwanza, kanisa letu lilipandwa na wamishenari wa huko, waliofika Kikuyu mwaka 1898. Pili, hawa vijana wanaotutikisia madirisha kila Jumapili ya gwaride, chama chao kilianzia jijini Glasgow mwaka 1883, kikaanzishwa na William Alexander Smith. Kwa hiyo ngoma zile hazikutoka mbali na habari hii. Walimu tunaowataja leo ni wale waliofundisha zumari ya mfuko, ambayo wengi wenu mnaiita bagipaipu, pamoja na ngoma zinazoandamana nayo.

Chombo chenyewe kiko hivi. Kuna mfuko unaobanwa chini ya kwapa. Kuna bomba la kupulizia. Kuna mabomba matatu yanayolala begani, mawili ya teno na moja la besi, na hayo huvuma noti moja bila kukoma tangu mwanzo hadi mwisho. Na mbele kuna chanta, bomba lenye matundu ambalo ndilo vidole hulichezea. Ndani ya chanta mna utete wenye ndimi mbili, ndugu kabisa wa utete wa zumari zetu za Lamu na Mombasa.

Noti zake ni tisa tu. Kumi hakuna. Tena sauti ya chanta haikatiki, maana hewa iko mfukoni, na mpigaji akinyamaza kuvuta pumzi mkono wake unaendelea kubana. Wala hawezi kupiga kwa nguvu hapa na kwa upole pale. Sauti ni ileile. Sisi tunaoimba tukitaka kusisitiza neno tunapaza sauti, tukitaka kuligawa na jingine tunanyamaza kidogo. Mpiga zumari hana lolote kati ya hayo mawili. Akitaka kurudia noti ileile mara mbili, hana budi kuchomeka katikati kinoti kidogo mno, chepesi kama kupepesa jicho, ili sikio lijue kwamba ya kwanza imekwisha na ya pili imeanza. Akitaka kutia uzito, anairefusha noti moja na kuinyima nyingine. Sanaa yote imo humo, na kitu cha namna hiyo huwezi kukisoma ukutani.

Kwa hiyo mwanafunzi mpya hapewi mfuko. Hupewa chanta ya mazoezi, kijibomba chembamba chenye sauti ndogo, akae mezani nayo mbele ya mwalimu, na mara nyingi hupita mwaka au zaidi kabla hajagusa zumari yenyewe. Wazazi mlioleta watoto kwaya ya vijana mwezi wa Januari na kutuuliza mwezi wa Machi wataimba solo lini, tafadhali lichukueni hilo mkaliwaze njiani mkienda nyumbani.

Sasa tufike tulipotaka kufika. Uskoti ina muziki mkubwa wa zumari, wa zamani, unaokwenda polepole: wimbo wa msingi kwanza, halafu mabadiliko juu ya mabadiliko, kisha kurudi kwenye msingi. Muziki huo ulifundishwa miaka na miaka bila karatasi. Katika kisiwa cha Skye, mahali paitwapo Boreraig, ukoo wa MacCrimmon waliokuwa wapiga zumari wa machifu wa MacLeod wa Dunvegan walifundisha wanafunzi kizazi baada ya kizazi. Mwalimu aliuimba wimbo. Aliimba kwa silabi zisizo na maana yoyote ya lugha, lakini kila silabi inaonyesha noti ipi na vinoti gani vya kupamba. Silabi kama “hiharin” na “hodroho”. Kwa Kigaeli mtindo huo huitwa canntaireachd, maana yake kuimba tu. Mwaka 1797 Colin Campbell wa Nether Lorn alianza kuandika nyimbo nyingi kwa silabi hizo bila mstari wowote wa noti, na maandishi yake yapo mpaka leo.

Tunaona wanakwaya wa miaka ya sabini wanatabasamu. Naam, nyinyi mlifundishwa do, re, mi kabla ya kufundishwa maneno. Mwalimu wetu wa kwanza hakuwa na kinanda, alikuwa na ubao, chaki na uma wa sauti aliougonga gotini. Solfa yetu na silabi zao si kitu kimoja, kwa maana solfa inaonyesha urefu wa kupanda na kushuka, nazo silabi zao zinaonyesha vidole. Lakini mlango wa kuingilia ni mmoja. Kwanza uweze kuuimba.

Kati ya walimu wa njia hiyo tuanze na Malcolm MacPherson, aliyeitwa Calum Mpiga Zumari, wa Catlodge huko Badenoch. Aliyetoka mikononi mwake akawa nguzo ni John MacDonald wa Inverness, aliyezaliwa 1865 akafariki 1953. MacDonald alisimulia alivyofundishwa nyumbani kwa mzee huyo: kuimbiwa wimbo na kuimbiwa tena, mpaka uingie. Naye alipokuwa mwalimu alishika njia hiyohiyo. Watu wakamwendea. Mfalme George wa Tano aliwapeleka kwake wafanyakazi wawili wa shamba lake la Balmoral, Robert Brown na Robert Nicol, vijana wa kazi za porini na mtoni, ili wafundwe. Nao wakarudi wakawa walimu, na majina yao bado yanatajwa pamoja kama majina ya mapacha.

Hapa pana jambo ambalo sisi walimu tulilibishania chini ya mwarobaini hadi chai ikapoa. Tangu mwaka 1903 kilikuwepo chama kilichochapisha nyimbo hizo kubwa kwa noti za kawaida, ili zisipotee. Kazi nzuri. Lakini mashindano yakaanza kufuata kitabu, na mpigaji aliyetaka tuzo akapiga kama ilivyochapwa. John MacDonald hakupendezwa. Alilalamika kwamba vitabuni mna mambo ambayo hakufundishwa na walimu wake. Je, nani alikuwa na haki? Mmoja wetu anasema ni afadhali kitabu chenye makosa kuliko kaburi lenye wimbo sahihi. Mwingine anasema wimbo uliochapwa vibaya unaua hata kile watu walichokikumbuka. Hatukuafikiana, na hatutajifanya mbele yenu kwamba tuliafikiana.

Mwanafunzi mwingine wa MacDonald ndiye aliyetupatia njia ya kati, nasi tunampenda kuliko wote. Ni Donald MacLeod, mzaliwa wa Stornoway katika kisiwa cha Lewis, mwaka 1916. Lewis ni kisiwa ambacho makanisa yake huimba zaburi bila chombo chochote: kiongozi anatanguliza mstari, watu wanaupokea na kuufuata kila mmoja kwa mapambo yake. Akina mama wa Woman's Guild wangejisikia nyumbani. MacLeod alikuwa askari. Mwaka 1940 alitekwa huko Ufaransa pamoja na wenzake wa divisheni ya 51, akatoroka, na mwaka 1945 alipiga zumari jeshi likivuka mto Rhine. Alikuwa mkuu wa wapiga zumari wa kikosi cha Seaforth, na kwa miaka mingi alikwenda Inverness kwa MacDonald kuchukua masomo, mtu mzima mwenye cheo, anakaa kama mtoto wa shule. Baada ya jeshi alifanya kazi ya kutengeneza na kuuza zumari jijini Glasgow. Akatunga nyimbo nyingi ambazo bendi za dunia nzima hupiga. Na kisha akafanya jambo moja la kimya. Aliketi na kinasa sauti akaufundisha ule muziki mkubwa, wimbo baada ya wimbo: anaeleza, anaimba, anapiga kwa chanta ya mazoezi, anaonya mahali watu wanapokosea. Alifariki mwaka 1982. Kanda zile zilitolewa baadaye, zikajaza zaidi ya CD 20, na leo mtu aliyeko Toronto au Sydney anaweza kufundishwa na marehemu.

Tunataka mwone tofauti. Tunazo rekodi, sisi pia. Kila mwanakwaya ana simu, na kila Alhamisi usiku kikundi chetu cha WhatsApp kinajaa sauti: alto hii hapa, besi hii hapa, nani ana teno? Lakini hizo ni rekodi za watu wakiimba. MacLeod alirekodi mtu akifundisha. Ukimsikia mtu akiimba unajua wimbo ulivyo. Ukimsikia akifundisha unajua kwa nini pale kwenye mstari wa tatu huvuti pumzi.

Tuwageukie wa ngoma, maana vijana wa Brigedi wameanza kutuangalia kwa jicho la pembeni.

Katika bendi ya zumari kuna ngoma za aina tatu. Ipo ngoma kubwa ya besi inayoshika mapigo, zipo za teno ambazo wapigaji wake huzungusha mipini hewani kwa madoido, na zipo zile ndogo zenye nyuzi zinazolia chini, kali kama mvua ya mawe juu ya mabati. Zamani ngoma hizo ndogo zilifuata mwendo wa askari tu: kushoto, kulia, kushoto. Mtu aliyezibadilisha kuliko wote ni Alex Duthart, wa Lanarkshire, aliyezaliwa 1925. Alipiga na kuongoza ngoma katika bendi kadhaa, iliyo maarufu zaidi ikiwa ile ya Shotts na Dykehead, eneo la migodi ya makaa ya mawe. Duthart alisema na zumari. Zumari ilipopanda, ngoma ilipanda; ilipotulia, ngoma iliacha nafasi. Ile zumari isiyoweza kupaza wala kushusha sauti, ghafla ikaonekana kana kwamba inapaza na kushusha, kwa sababu ngoma zilikuwa zikifanya hivyo chini yake. Kwa maoni yetu huo ndio ufundi wa kuandamana, na tungependa mpiga kinanda wetu, tunayempenda sana, alisikie hilo kwa masikio yote mawili.

Hakuona aibu kujifunza kwa wengine pia. Ngoma za mji wa Basel huko Uswisi zilimvutia, akachukua mbinu zao akazifanya za kwake. Kutoka Uswisi huohuo ulikuja mtindo wa kuandika ngoma ambao bendi hizo hutumia: mstari mmoja tu, mapigo ya mkono wa kulia juu yake, ya mkono wa kushoto chini yake. Mtoto wa darasa la nne anauelewa kwa asubuhi moja. Na kama ilivyo kwa zumari, mwanafunzi haanzi na ngoma. Anaanza na kibao chenye mpira juu, mapigo ya mkono mmojammoja, polepole, kisha haraka, kisha polepole tena, wiki hadi wiki. Majirani hushukuru.

Duthart alifundisha Uskoti na nje yake hadi kifo chake mwaka 1986. Mwanafunzi wake mmoja, Jim Kilpatrick, ameshinda ubingwa wa dunia wa mpiga ngoma mmojammoja mara 16, naye akafundisha wengine.

Bendi hizo zikishindana husimama kwa duara, nyuso ndani na migongo kwa watu. Mgeni huona ni utovu wa adabu. Lakini wanahitaji kusikilizana na kutazamana vidole. Huamuliwa na majaji wanne: wawili husikiliza zumari, mmoja ngoma, na wa nne husikiliza jinsi vyote vinavyokaa pamoja. Tungependa sana huyo wa nne aje mazoezini kwetu Jumatano moja, ingawa tunaogopa atakachosema.

Yuko mmoja tumekaribia kumpita. William Ross, aliyezaliwa 1878, alifundisha wapiga zumari wa jeshi kwenye ngome ya Edinburgh tangu mwaka 1919 kwa takribani miaka 40, wakatoka hapo viongozi wa vikosi vingi visivyohesabika. Naye mwalimu wake wa kwanza alikuwa mama yake mzazi. Hilo tunalitaja kwa sababu katika picha za waanzilishi zilizobandikwa mlangoni leo wanaume ndio wamekaa vitini, na waliokuwa wakiwafundisha watoto sauti jikoni wamesimama nyuma.

Na wa mwisho ni Seumas MacNeill. Huyu hakufundishia mlimani. Alikuwa mhadhiri wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Glasgow. Mwaka 1944, vita bado inaendelea, yeye na Thomas Pearston walianzisha chuo cha zumari jijini humo, ambapo mtoto wa mtu yeyote angeweza kuingia akafundishwa. Huhitaji kuwa askari, wala baba yako kuwa mpiga zumari wa chifu. Tangu 1948 chuo kilitoa jarida la kila mwezi ambalo MacNeill alilihariri, na walioonja kalamu yake wanasema ilikuwa kali. Halafu kikatoka kitabu cha wanaoanza, chenye jalada la kijani, somo la kwanza hadi la mwisho, kila somo kurasa chache. Kitabu hicho kimekwenda nchi ambazo hazijawahi kumwona Mskoti. MacNeill alifariki 1996. Mwaka huohuo kilifunguliwa kituo kikubwa cha taifa cha zumari katika jengo la Glasgow ambalo zamani lilikuwa kanisa, na mwaka 2018 vyuo hivyo viwili vikaungana. Wazee msishtuke: hatupendekezi jengo letu ligeuzwe.

Basi turudi nyumbani.

Mnaukumbuka wimbo uliofungua kanisa hili, alioutunga mwalimu wetu wa kwanza. Kwenye programu ya leo ni namba kumi na moja. Tulipoanza mazoezi mwezi wa Februari, soprano ilikuwepo, akina mama waliuimba macho yamefumbwa. Alto ikapatikana kwa siku mbili. Besi ikapatikana. Teno haikupatikana. Waliobaki wakiijua walikuwa wawili, na wote tumewazika, wa mwisho mwaka 2019. Kaseti tuliyo nayo ina watoto wanaolia na soprano imefunika kila kitu. Hakuna aliyewahi kuiandika, si kwa solfa, si kwa noti, si nyuma ya bahasha. Lawama hiyo ni yetu, kwa kuwa tuliimba na wale wazee miaka zaidi ya ishirini, na hatukuwaomba hata mara moja: baba, tuimbie sauti yako peke yako, polepole.

Mzee mmoja wa besi amekumbuka vipande, kwa sababu alisimama kando ya teno. Ameturudishia beti mbili. Ya tatu hakuikumbuka. Vijana walitaka kutunga kitu cha kuziba pengo na wangekifanya vizuri, lakini tuliamua tusikizibe. Leo mtaisikia beti ya tatu kwa sauti tatu.

Ombi letu linahusu fedha za Jubilii. Kamati imependekeza kinanda kipya na sare mpya. Kinanda tunacho, na kinalia. Sare hizi tulizovaa zina miaka minne. Tunaomba, kwa heshima zote kwa wazee wetu wa kamati, fedha hizo zilipie mambo mawili. La kwanza, darasa la solfa na kusoma noti kwa watoto kila Jumamosi, na ndani yake vijana sita wa miaka kumi na sita kwenda juu ambao watafundishwa kufundisha, si kuimba tu. Vijana wa ngoma wakaribishwe pia, pamoja na vibao vyao vya mpira. La pili, mtu wa kukaa na wazee wetu kumi na wanane wa kwaya ya mwanzo, nyumba kwa nyumba, na kinasa sauti na daftari. Asiwaombe waimbe wimbo tu. Awaombe waufundishe. Orodha ya nyimbo zisizoandikwa tumeibandika kwenye mlango wa ofisi: ni thelathini na nne. Kama unajua sauti yoyote ya wimbo wowote pale, andika jina lako kando yake kabla hujaenda kula.

Kama kamati itasema fedha hakuna, darasa litaanza vivyo hivyo, Jumamosi ijayo saa nane mchana, katika chumba cha Sunday School. Mtoto aje na daftari na penseli. Uma wa sauti tunao, ni uleule wa mwalimu wetu wa kwanza, mjane wake ametuachia.

Kwaya, tafadhali simameni. Namba kumi na moja.